Bunduki Yangu Ina Masikio ya Twiga

Nzivo Mulwa,
Askari wa Akiba nambari 17,
Mbotela, Nairobi.
14 Novemba 1994.

Kwa Bwana Kamanda,
Kikosi cha Akiba cha Raia,
Tawi la Eastlands.

Kupitia kwa Sajini Ondiek wa Makongeni (ambaye namwomba kwa heshima asiifungue).

KUH: SILAHA ZA MBAO NA MANUFAA AMBAYO SIJAYAONA

Mheshimiwa Bwana Kamanda,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekalia kiti chenye mgongo, maana ni ndefu kidogo.

Mimi ni mchonga vinyago siku zote za juma, isipokuwa Jumapili, ambapo ni Mkristo, na Jumamosi kuanzia saa mbili hadi saa sita, ambapo ni askari wako. Nilijiunga mwezi wa sita baada ya kusoma kijitabu chenu, Majukumu na Manufaa ya Askari wa Akiba. Nilikipata kimefungiwa njugu, na kusema kweli nilipata nusu yake tu, ile ya Manufaa. Nusu ya Majukumu nadhani ilifungiwa mteja mwingine, na kama yuko kikosini sijamwona.

Ninaandika kwa sababu Jumamosi ya tarehe 26 tutafanya gwaride la kumaliza mafunzo, na jamaa zetu wamealikwa. Baba mkwe wangu atakuwa mstari wa mbele. Akikiona nitakachokuwa nimebeba begani, sitakuwa na uso wa kumtazama tena. Hilo ndilo jambo lenyewe, na mengine yote hapa chini ni njia ya kulifikia. Nimeyapanga kwa nambari, kama mnavyotutaka tupange viatu.

1. Kupumzika na kazi ya kila siku. Ukurasa wa tisa wa kijitabu unaahidi kwamba askari wa akiba "atapata fursa ya kuachana kwa muda na shughuli zake za kawaida". Bwana Kamanda, maneno hayo ndiyo yaliyonivuta. Kwa miaka ishirini na miwili nimechonga twiga. Si simba, si pundamilia. Katika karakana yetu nyuma ya Gikomba kila fundi ana mnyama wake, na hamgusi wa mwenzake. Mativo ana tembo. Kyule ana kifaru. Mimi nina twiga, na nilitamani walau asubuhi moja kwa wiki nisione shingo ndefu.

Siku ya kwanza Sajini Ondiek alitupanga katika uwanja wa shule, akamuuliza kila mtu kazi yake. Ndindi alisema anaendesha lori la mbuzi la Kiamaiko, akaambiwa yeye ni idara ya usafiri, na tangu siku hiyo kikosi chako kinasafiri na harufu yake. Mimi nikasema ni mchongaji. Sajini akaitazama orodha ya watu, ambayo ilikuwa na arobaini, akaitazama orodha ya silaha, ambayo haikuwa na kitu. Akanishika bega kwa upendo sana. Nikaagizwa bunduki arobaini za mbao, za kufanyia mazoezi hadi zile za chuma zifike. Tuliambiwa ziko njiani. Huu sasa ni mwezi wa tano ziko njiani. Hata konokono angekuwa amefika, akaoga na kupata chai.

2. Nguvu ya mazoea. Hapa nakiri kosa langu kabla Sajini hajanishtaki. Mzoea kunyonga, kuchinja hawezi. Nilianza bunduki ya kwanza nikiwa na nia safi kabisa. Nilianzia mtutuni. Sasa mtutu, Bwana Kamanda, ni kitu kirefu, chembamba, kinachoelekea juu. Mkono wangu ukautambua. Kichwa kilikuwa kikiwaza ulinzi wa taifa, tezo ikawa inaendelea na shughuli zake, na niliposhtuka bunduki ilikwisha kuota masikio mawili na kunitazama kwa upole.

Nilidhani nitabadilika katika ya pili. Ya pili ilikuwa na kope.

Kazi ilipozidi nikawaomba Mativo na Kyule wanisaidie, nikawachorea bunduki kwa kaa kwenye sakafu ili wasipotee. Wakaniahidi kuufuata mchoro. Mativo alileta kumi, kila moja imeinua mkonga. Za Kyule ni fupi, nene, zina hasira, na mahali pa kulengea shabaha pana pembe. Ndiyo maana kikosi chako kina aina tatu za silaha, na Sajini anapotoa amri ya kutua bunduki, zinafika chini kwa nyakati tofauti, kwa kuwa hazilingani urefu. Tulizing'arisha kwa rangi ya viatu kama tufanyavyo vinyago vyote, na kwa hilo nakuomba radhi, kwani ndiyo rangi mliyotupa kwa ajili ya viatu.

Sajini alizikagua moja moja. Kisha akasema, "Nzivo, mimi nilikuagiza bunduki. Hii umeniletea ni mbuga ya wanyama." Lakini alizipokea, akazipiga nambari, akanitaka nitie sahihi. Kwa hiyo kisheria ni bunduki.

3. Ulinzi wa ghala. Nimewekwa zamu mara nne kulinda silaha nilizozichonga mwenyewe. Sijakataa. Ila naomba nielezwe ninazilinda dhidi ya nani. Adui pekee aliyewahi kuvuka mstari wetu ni mchwa, na nusu yangu ya kijitabu haisemi lolote juu ya mchwa. Aliwahi pia kuja mtalii mmoja na mkewe karakanani, wakaziona zile za mwisho zikikauka juani, wakazitaka kumi. Nilisimama wima nikawaambia hii ni mali ya serikali. Wakacheka, wakadhani ni maneno ya biashara, wakazidi kunibembeleza. Mke wake aliikumbatia nambari 31, mojawapo ya tembo wa Mativo, hadi nikalazimika kuiondoa mikononi mwake kidole kwa kidole. Sijui kama kuna nishani ya tendo kama hilo, lakini nalitaja.

4. Heshima katika jamii. Ukurasa wa kumi na moja unasema askari wa akiba "huheshimika mtaani". Bwana Kamanda, njoo Mbotela Jumamosi moja utembee nami kutoka nyumbani hadi barabara ya Jogoo. Vijana wanaokaa ukutani wananijua kuliko wanavyowajua wazazi wao. "Niaje buda! Hiyo bunduki yako inakulanga majani ama inashoot?" Mwingine anamjibu, "Wacha mzee, hiyo ni ya kuona adui mbali." Na mimi nimefundishwa kutosema na raia nikiwa katika sare, kwa hiyo napita kimya huku nimemshika twiga shingoni.

Nyumbani nako si kimbilio. Mke wangu Mbinya ni mtu wa kanisa, hasemi sana, lakini akisema unatafuta pa kukaa. Aliniambia, "Baba Ndeti, kabati niliomba mwaka wa themanini na sita. Serikali imeomba bunduki arobaini juzi, zote zimetoka. Kumbe nilipaswa kuomba nikiwa na cheo."

5. Viatu. Nilipewa jozi moja, yote ya mguu wa kushoto. Ndindi naye ana ya kulia, lakini mguu wake ni mdogo. Sina zaidi.

6. Baba mkwe. Hapa naomba uvue kofia kidogo, Bwana Kamanda, kama umeivaa.

Baba mkwe wangu, Mzee Maingi, alikuwa Keya, askari wa Mwingereza. Alikwenda Burma akiwa kijana, akarudi akiwa na nishani mbili na goti moja lisilokunjika. Nilipokwenda kuposa, miaka kumi na minane iliyopita, aliniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia. Akamgeukia ndugu yake akasema kwamba hajaelewa ni kazi gani ya mwanamume hiyo, ya kukaa chini kutwa kumkuna twiga tumbo. Alinipa binti yake, kwa kuwa binti alikuwa amekataa kula. Lakini tangu siku hiyo, tukikutana, ananiuliza habari za mvua. Hajawahi kuniuliza habari za kazi.

Tangu mwezi wa tisa anaishi nasi kwa sababu ya matibabu. Daktari anasema moyo wake umechoka. Mzee mwenyewe anasema haoni haja ya kubishana na daktari, na kwamba gwaride likiisha atarudi kwao Mwala, akakae kwenye baraza lake, asubiri siku yake kwa utulivu. Amekwisha kufunga sanduku. Nishani amezisugua kwa majivu na limau zikang'aa. Jioni moja aliniuliza, kwa mara ya kwanza, kama huko kikosini tuna bunduki. Nikamwambia tunazo. Sikumdanganya, sikumwambia tu zimetengenezwa kwa kitu gani.

Tangu jioni hiyo ameanza kunimiminia chai yeye mwenyewe. Bwana Kamanda, mtu wa miaka sabini na sita ananimiminia chai mimi. Ninaionea haya chai hiyo. Nataka aende kwao akijua kwamba binti yake aliolewa na mwanamume. Sitaki safari yake ya mwisho aianze akiwa ameniona napita mbele ya watu na mnyama begani. Hilo tu ndilo linaloninyima usingizi, wala si viatu.

Kwa hayo yote, ninaomba yafuatayo, na ukikataa la kwanza tafadhali usiache kusoma:

(a) Nipewe bunduki moja ya chuma kwa saa moja. Si lazima iwe na risasi. Si lazima ifanye kazi. Hata mtutu peke yake, nitauficha mwisho wake kwa mkono.

(b) Au nibebeshwe bendera.

(c) Au niandikwe mgonjwa. Naweza kuwa mgonjwa wa chochote kilichobaki katika orodha yenu.

(d) Au gwaride liahirishwe hadi Mzee awe amekwisha kwenda Mwala. Nitakueleza kwa ishara akipanda basi.

(e) Au serikali itangaze, kabla ya tarehe 26, kwamba majeshi yote ya nchi hii sasa yanatumia bunduki zenye masikio, ili yangu isionekane ya ajabu. Nakubali kuzichonga, nikipewa muda na mti wa jakaranda wa kutosha.

(f) Au, heri nusu shari kuliko shari kamili, nifutwe kikosini kwa herufi kubwa, na barua ya kunifuta isomeke kwamba nilifutwa kwa ukali uliozidi.

Nisalimie mama watoto wako, watoto wenyewe, karani wako mwenye kikohozi, yule mpishi aliyetupikia maharagwe yenye changarawe, na mbwa wa langoni, ambaye ndiye pekee kikosini aliye na meno halisi. Mbinya anawasalimu pia, na anauliza kama kwenu kuna kabati.

Ni mimi wako mtiifu, kila Jumamosi, saa mbili hadi saa sita,

Nzivo Mulwa
Askari wa Akiba nambari 17

N.B. Jumapili, 27 Novemba. Bwana Kamanda, barua hii haikukufikia kwa wakati, kwa kuwa Sajini Ondiek alikuwa kwenye kazi yake ya reli, katika garimoshi la Kisumu, hadi asubuhi ya gwaride, nami nikabaki nayo. Gwaride limepita. Ulikuwepo, lakini ulikuwa mbali jukwaani, na huenda hukuona kwa nini tulisimama ghafla.

Tulipofika mbele ya wageni nilikaza macho mbele nisimwone Mzee. Nikasikia sauti kama ya mlango wa chuma: "Kikosi, simama!" Tukasimama. Hata Sajini alisimama. Mzee Maingi alikuwa ametoka kwenye kiti chake, anakuja na goti lake lisilokunjika, akaniondolea bunduki begani. Akaipima uzito. Akapitisha kidole gumba mgongoni mwake, kutoka kitako hadi masikioni. Watu walikuwa wameanza kucheka, na mimi nilikuwa nimeanza kufa.

Akasema, na mstari wote ulisikia: "Kambini, kabla ya Burma, walitupatia kuni. Kuni hazikurandwa. Miezi mitatu tunapiga kwata na kuni, vibanzi vinatuingia viganjani, usiku tunatoana kwa pini. Hakukuwa na hata mmoja aliyejua kulainisha mti." Kisha akautoa mkono mmoja kwenye bunduki, akanishika shingoni, akawageukia wageni. "Huyu ni mkwe wangu," akasema. "Ni fundi."

Bwana Kamanda, nililia ndani ya sare. Kama kuna adhabu ya kosa hilo nitaitumikia.

Kwa hiyo nakuomba uichane barua hii, kuanzia nambari 1 hadi herufi (f). Na zile bunduki za chuma, kama bado ziko njiani, tafadhali zisiharakishwe. Bunduki nambari 17 iandikwe kwamba haiko ghalani. Iko nyumbani kwangu, kando ya kitanda cha Mzee, naye haruhusu mtu kuigusa bila kunawa.

Tena naomba fomu moja ya kujiunga. Najua umri wa mwisho ni miaka arobaini na mitano. Mzee anasema waliokuwepo alipozaliwa wote wamekwisha kufa, kwa hiyo hakuna wa kumbishia. Asubuhi hii amelifungua sanduku lake na kurudisha nguo ukutani. Mbinya alipomuuliza basi la Mwala ni la lini, alijibu kwamba hawezi kusafiri wiki hii, maana Jumamosi ana zamu.