Pampu ya Mikeka Ishirini na Tisa

Jumamosi, 2 Desemba
Nimeamua. Mama mkwe atakaa kwetu majira yote ya baridi, si kwa shemeji Tetsuro. Ana miaka themanini na miwili, magoti yanamsumbua. Ijumaa anakuja kutujaribu, na sharti lake ni moja tu: joto lililotulia.

Tetsuro ana kipampu cha kupasha joto chumba cha mikeka minane, kama tunavyopima vyumba huku, kwa mikeka ya sakafuni. Minane! Nimecheka peke yangu.

Fundi Odajima, mwanamke mwenye futi ya kupimia shingoni, alikuja kupima. Chumba chetu nacho mikeka minane, kuta za mbao, madirisha yanapitisha upepo. Akasema tuchukue ya mikeka kumi na minne, maana mbao huvujisha joto. Nikamuuliza kubwa kuliko zote ni ipi. Ya ishirini na tisa, akasema, lakini hiyo ni ya ukumbi. Nikamwambia aandike hiyo hiyo. Akashauri basi niongezewe kiwango cha umeme wa nyumba. Nikakataa. Umeme wangu naujua.

Jumatano, 6 Desemba
Pampu imefungwa! Sehemu ya nje imeziba nusu ya dirisha la jikoni. Mke wangu Sumie anauliza mwanga utapitia wapi. Nikamjibu hatukununua mwanga. Jirani Kuwabara aliitazama, akatikisa kichwa. Wivu huo.

Ijumaa, 8 Desemba
Mama mkwe kafika. Nikawasha kwa mkono wangu. Dakika nne, chumba tanuri! Mashine ikaridhika, ikajizima. Dakika kumi, baridi ikarudi kupitia kuta zote. Ikaamka tena kwa kishindo, upepo wake ukachana mlango wetu wa karatasi. Mama mkwe akavua koti, akavaa, akavua. Sumie alipowasha jiko la umeme la wali, swichi kuu ikajikata, nyumba nzima giza. Nikasema umeme umekatika mtaa mzima. Kwa Kuwabara taa zilikuwa zinawaka.

Jumamosi, 9 Desemba
Mama mkwe kafunga mizigo.

"Nobumasa, mwanangu, najua ulinifanyia mimi haya yote," alisema. "Lakini mwili huu haujui uvae nini. Niache niende kwa Tetsuro."

Iliniuma, sifichi. Nilimbebea begi mwenyewe. Kwa Tetsuro alisinzia kabla sijamaliza kuvua viatu. Nikamuuliza Tetsuro aliwezaje. Akasema alimsikiliza fundi tu. Mtu asiye na mawazo yake mwenyewe.

Jumapili, 10 Desemba
Nimefikiri tangu alfajiri, na jibu ninalo. Mashine haina kosa. Chumba ndicho kidogo! Jumanne seremala anakuja kubomoa ukuta wa jikoni, wa chumba cha kulala na wa stoo, mpaka itimie mikeka ishirini na tisa. Mama mkwe atarudi mbio.

Sumie amesema anakwenda kumjulia hali mama yake kwa Tetsuro. Amebeba godoro lake na jiko la wali. Afadhali, seremala atapata nafasi.