Hutoki Mpaka Utulie

Wananchi walitangaziwa, kwa vipaza sauti vilivyowaamsha watoto na wagonjwa, kwamba kuanzia asubuhi hiyo serikali imewaletea utulivu. Msitu wa ukingoni mwa jiji, ambao watu walikuwa wakiingia na kutoka ovyo miaka yote, sasa ulikuwa Hifadhi Rasmi ya Mapumziko. Kuingia, bure. Kutoka, kwa mtihani.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi Mkuu wa Utulivu, mtu ambaye mwenyewe hakupata kutulia tangu aajiriwe. Aligundua kwamba wakazi wa jiji hupumzika kienyeji: mtu anajitupa kwenye nyasi, anayakodolea mawingu macho, anaondoka zake, na taifa halijui kama kapumzika kweli au kazuga tu. Ndipo akaweka lango la kutokea. Hapo unashikwa mkono, mapigo ya moyo yanapimwa, kisha unaulizwa unawaza nini. Ukijibu haraka umefeli, unarudi kuzunguka msitu upya. Uzio ulitiwa umeme ili utulivu usivuje. Na kwa kuwa siku ya kupitisha kanuni waandishi wa habari walikuwepo, aliongeza maneno haya kwa mkono wake: "bila kujali cheo." Alipigiwa makofi, akalala usingizi mzuri siku hiyo.

Siku ya uzinduzi alikuja na mkewe na mama mkwe, suti mpya imemkaa sawasawa. Alikuwa na sababu ya kung'aa. Alasiri hiyo angeapishwa kuwa Katibu Mkuu wa Wizara, cheo alichokinyemelea kwa miaka mingi akiwachekea watu asiowapenda. Alikata utepe, akazunguka mara moja mbele ya kamera, akawahi langoni.

Mlinzi, mama wa makamo mwenye sauti ya kubembelezea watoto, alianza na mama mkwe.

"Unawaza nini, bibi?"

Mama mkwe alitazama juu, akatazama chini, akapiga mwayo. "Eh? Ulisemaje, mwanangu?"

"Pita, bibi."

Mke naye akapita. Ikaja zamu ya mwenye hifadhi.

"Shikamoo, mzee. Lete mkono." Mlinzi alikunja uso. "Mbona moyo unakimbia hivi, kama umeiba? Unawaza nini?"

"Nawaza kuapishwa! Fungua, nachelewa."

"Pole, mzee. Zunguka kidogo."

"Unajua unaongea na nani wewe?"

"Najua, baba. Si wewe ndiye uliyemfukuza mwenzangu siku ya majaribio, kwa kumpitisha dada yako kabla hajatulia?"

Kweli alimfukuza, na hotuba juu. Basi akazunguka. Alizunguka mbio, akarudi anahema, na moyo ukawa mbaya kuliko mwanzo. Aliporudi tena alikuwa na noti iliyokunjwa kiganjani. "Ya soda," alinong'ona.

"Mkono unatetemeka, mzee," mlinzi akasema kwa huruma ya kweli.

Mkewe alikuwa akimtazama kutoka nje ya uzio. "Baba watoto, si ujifanye umetulia tu?"

"Ndicho ninachofanya!" alifoka.

"Haya, sisi tunatangulia. Mama ana njaa."

Machozi yalimlenga. Tusimcheke sana, kuona cheo kinakuponyoka kwa kanuni uliyoitunga mwenyewe kunauma kuliko kufukuzwa. Akampigia simu Waziri.

Waziri alikuja kwa ving'ora, akaingia na msafara wote ili amtoe mtu wake kwa mamlaka aliyonayo. Kuingia, kama ilivyotangazwa, kulikuwa bure. Langoni akashikwa mkono.

"Unawaza nini, mheshimiwa?"

"Nawaza kukufukuza kazi!"

Naye akaonyeshwa njia ya kuzunguka. Kwa hasira akaitisha, humo humo msituni, kikao cha dharura cha wizara kufuta kanuni. Wajumbe waliingia mmoja mmoja, akidi ikatimia, wakakaa juu ya magogo, na kanuni ikafutwa kwa kauli moja. Lakini uamuzi usio na mhuri ni porojo, mhuri ulikuwa ofisini, na wote wenye ruhusa ya kuugusa walikuwa wamekaa pale pale juu ya magogo. Wakazunguka wote.

Jijini, kwa kukosa wa kutoa vibali, mambo yalianza kwenda. Foleni zilipungua. Barabara iliyosubiri miaka upembuzi yakinifu ikazibwa mashimo na watu wenye majembe. Jumamosi familia zilikuja kusimama nje ya uzio na watoto begani, zikawapungia mikono waheshimiwa wakipita, nao wakapunga, maana mazoea yana taabu.

Jumamosi moja Mkurugenzi alifika langoni taratibu, suti imechanika goti, hajali. Mlinzi alimshika mkono, akasikiliza kwa muda mrefu, akaanza kutabasamu.

"Unawaza nini, mzee?"

Alifikiri. Hakuona kitu. Alitaka kusema hivyo, akaona hata kusema hakuna haja. Mkono wa pili wa mlinzi ulikuwa tayari kwenye komeo.

"Mkwe wangu!" Mama mkwe alikuwa nje, anapunga kanga kwa furaha. "Redioni wamesema kile cheo chako bado kiko wazi! Wanakusubiri wewe tu!"

Mlinzi aliusikia mshipa ukiruka chini ya vidole vyake. Aliondoa mkono kwenye komeo. Mkurugenzi naye hakubisha. Aligeuka mwenyewe akashika njia, na Waziri, aliyekuwa anakuja nyuma, akamsogelea haraka kumuuliza ni cheo gani hicho.