Dijei Radi Kutoka Dar

Jumatatu, 27 Februari 1995
Leo nimekuwa wakala wa madijei! Nimepaka rangi ubao, nimeutundika ukutani kwa dada Mwajabu, hapa Kibiti mjini. Dada akauliza nina madijei wangapi. Maswali ya watu wasio na maono.

Kabla ya adhuhuri mteja huyo! Bi Zamda wa Bungu, mwenye ukumbi. Anataka dijei wa disko la watoto na kina mama, Idi Pili, mchana. Mwaka jana dijei hakutokea, vijana wakamvunjia mabenchi. Safari hii wakivunja tena, anafunga ukumbi.

Akasema, "Dadi mwanangu, sitaki jina kubwa. Nataka mtu anayefika mapema, mashine inayolia, na wewe uniambie kweli, hata ikiwa mbaya."

Nikamwelewa mara moja. Anataka jina kubwa. Nikampa Dijei Radi kutoka Dar. Simjui. Hakuna anayemjua. Nilimtunga palepale.

Jumatano, 1 Machi
Hemedy wa kibanda cha kaseti amekwisha chukuliwa na watu wa Chumbi. Amebaki Mwalimu Gaudens, mtu wa Mbinga, mwenye spika kubwa kama makabati. Nimemkuta na majivu kwenye paji la uso. Kwaresima imeanza leo, kasema, muziki basi hadi Pasaka. Nikamwambia dijei hachezi, huchezesha wenzake. Akacheka. Kisha akakumbuka pilau anayoletewa na majirani kila Idi, akakubali. Mimi njaa ya saumu inanikata, yeye ya kwake. Tukaagana kwa heshima.

Ijumaa, 3 Machi
Idi! Bi Zamda kamtuma Shaabani, mpwa wake, kuuliza kama mambo ni shwari. Nikajibu Radi yuko njiani. Si uongo. Mwalimu alikuwa njiani, anazunguka kuwapa watu mkono wa Idi.

Jumamosi, 4 Machi
Tumefika Bungu mapema, juu ya lori la mbao. Nimemvisha Mwalimu miwani myeusi na kofia ya pama. Ukumbi pomoni! Nikashika kipaza sauti, nikanguruma: Dijei Radi kutoka Dar!

Mtoto wa mbele akasimama. "Shikamoo Mwalimu!"

Ukumbi mzima ukasimama. "Shikamoo Mwalimuuu!"

Kumbe alifundisha Bungu miaka mingi kabla ya kuhamia kwetu. Hilo sikuuliza.

Naye, kwa mazoea, akajibu, "Marahaba. Kaeni."

Wakakaa! Wote, hata kina mama. Nikatazama mabenchi, nikatazama mlango. Mwalimu akavua miwani, akatabasamu, akaweka rumba. Hapo hakukaa mtu tena. Bi Zamda alicheza hadi kanga ikamdondoka begani.

Baadaye akaniita pembeni, akanipa sahani ya pilau. Akasema ningemtajia Mwalimu Gaudens tangu Jumatatu, angelala usingizi wiki nzima. Disko la Idi Kubwa wamekwisha elewana wao wawili. Wakala hahitajiki. Nikala kwa uchungu. Nikaongeza sahani.

Jumatatu, 6 Machi
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: Dar ni karibu mno!

Asubuhi kaja Mohamedi wa Ikwiriri, anamwoza binti yake. Nimempa Dijei Kimbunga kutoka Nairobi. Kesho nitazungumza na Elinipendo, nesi wa zahanati, ana redio nzuri. Nani atamtambua? Wagonjwa wake wote hufumba macho, wakingoja sindano.