Historia ya Kizimba Nambari Tatu

Jumatatu, 3 Juni

Wageni kumi na wanne leo katika bustani ya wanyama. Nilianza maelezo mahali panapostahili, yaani miaka elfu nne iliyopita, kwa wafalme waliofuga simba ili majirani wawaheshimu. Nilipofika kwa tembo waliotolewa zawadi, wageni walikuwa wawili. Mmoja amesinzia. Wengine walishamkimbilia mlishaji wanyama, mtu asiyejua tarehe hata moja, aliyekuwa akimtupia fisi mfupa. Mfupa! Ndiyo elimu ya siku hizi.

Meneja akaniita ofisini. Nilimfundisha darasa la sita, hivyo aliniamkia vizuri kabla ya kunichinja. Shikamoo, Mwalimu. Kisha: Ijumaa ataamua nani abaki na kazi ya kuongoza wageni, mimi au mlishaji. Nikamweleza kwamba swali hilo lina historia ndefu. Akasema anajua, ndiyo maana amenipa hadi Ijumaa.

Jumanne, 4 Juni

Mke wangu ameshauri nifupishe maelezo. Miaka arobaini ya ndoa na bado hanijui.

Nina njia bora. Nimefuta ubao wa saa za kulisha. Palipoandikwa saa nne, nimeandika saa nane. Wageni wa saa nne wamkose mlishaji!

Wamemkosa, maana mlishaji naye hufuata ubao. Wakarudi wote saa nane, ambayo ndiyo saa ya maelezo yangu ya pili. Fisi, kwa njaa ya saa nne za ziada, alitoa onyesho ambalo halijapata kuonekana. Nilihutubia benchi.

Jumatano, 5 Juni

Wazo kubwa! Kizimba Nambari Tatu, kile cha vyuma, kiko tupu tangu chui ahamishiwe kwenye uwanja wenye handaki. Nitaingia humo niwaonyeshe wageni ukatili wa zamani kwa macho yao.

Mlishaji kanifuata. Mzee wangu, ingia tu, ila ile kufuli usiibane, ufunguo wake ulipotea kabla sijaajiriwa. Akajitolea kuniazima yake mpya. Nikamwambia kufuli mpya itaharibu ukweli wa historia. Akasema haya, historia ikikubana usiniite.

Wivu, bila shaka.

Alhamisi, 6 Juni

Saa nne niliingia. Nikaeleza kwamba kufuli za aina ile hujifunga zenyewe zikibanwa, bila ufunguo. Nikapitisha mkono kati ya vyuma, nikaibana. Ta! Makofi. Nikaeleza kwamba kufunguka, sasa, lazima ufunguo. Makofi makubwa zaidi.

Wageni tisini! Hakuna aliyeondoka. Mtoto mmoja alimuuliza mama yake kama huyu anauma. Mama akamjibu kwamba huyu anaongea tu. Wakaanza kurusha karanga. Nikawaonya kwamba vyakula vya kutupiwa viliua wanyama wengi sana zamani. Nikazila. Sikuwa nimekunywa chai.

Saa sita mlishaji akaja na ndoo yake, ndani mna mkate wangu. Umati ukashangilia. Nikaukataa kwa heshima zote, nikaula walipogeuka kumtazama fisi. Mke wangu alipigiwa simu. Alikuja, akakaa kwenye benchi, akamuuliza meneja kama ni lazima fundi aharakishwe.

Saa saba nilitembea kona hadi kona. Hatua nne. Macho mia na themanini, na hata pa kujisaidia hapana. Nikamfikiria chui aliyekaa humu miaka kumi na mmoja, bila mkate, bila mtu wa kumweleza. Nilihuzunika kwa dhati, karibu dakika nzima. Kisha wakaja wanafunzi wa shule, nikaanza upya kwa wafalme.

Fundi alikata kufuli saa kumi. Aliniomba, tafadhali baba, nisimweleze asili ya msumeno.

Ijumaa, 7 Juni

Uamuzi. Mlishaji ataongoza wageni. Lakini meneja alikuwa hajamaliza. Simu hazikatiki, watu wanauliza yule mzee wa kizimbani atakuwepo Jumamosi? Hivyo nimebaki kazini, Kizimba Nambari Tatu, na kibao changu mwenyewe: MWALIMU WA HISTORIA. USIMLISHE.

Mlishaji aliuliza kwa upole kama sioni tatizo lolote. Nimeliona: kiti nilichowekewa humo hakina mto. Pia nimeomba fisi ahamishwe. Ananiibia wageni.

Jumamosi, 8 Juni

Nimewahi kufika, kabla ya geti kufunguliwa. Fundi amefunga kufuli mpya, yenye funguo mbili, ili yasitokee tena yale ya Alhamisi. Mtu makini huhakikisha mwenyewe. Nimeingia, nikaijaribu kama nayo hujifunga ikibanwa.

Hujifunga, tena vizuri sana. Funguo zote mbili zimo mfukoni mwa koti langu. Koti nimelitundika nje, kwenye vyuma vya kizimba cha fisi, lisichafuke humu.

Analila kwa utaratibu, akianzia mifukoni.