Kioo Chenye Kibali

Jumatatu, 4 Machi

Televisheni imekufa. Si kosa langu. Niliifungua kwa nyuma ili niiongezee sauti, kwa nia njema kabisa, nayo ikatoa harufu ya plastiki inayoungua na kunyamaza. Kitu chenye afya hakifi kwa kuguswa na bisibisi. Nimemweleza mke wangu hivyo. Ameichukua bisibisi, ameificha.

Ubaya ni kwamba mama mkwe alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, akisubiri tamthilia yake. Amehamia kwetu mwezi uliopita. Mke wangu alimbembeleza miaka na miaka aache kuishi peke yake, na alipokubali nyumba nzima ilichangamka. Hata mimi. Ndiye mtu pekee anayecheka nikisimulia mambo ya kazini.

Jioni akaja mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu. Namwita Bwana Ukuta kwa sababu televisheni yake imemeza ukuta mzima wa sebule. Habari zilikuwa zimemfikia. Aliniletea televisheni yake ya zamani, kaikumbatia kifuani, akasema nichukue tu, kwake inakusanya vumbi. Vumbi! Mbele ya mama mkwe! Nikamwambia arudi nayo. Nikaapa, wote wakisikia, kwamba televisheni haitaingia tena nyumba hii maadamu ninavuta pumzi. Dunia imesonga mbele. Siku hizi wenye akili wanatazama kwenye laptopu.

Sina laptopu. Ulimi hauna mfupa.

Mama mkwe akasema sawa mwanangu, lakini tamthilia inaisha Jumapili na yeye ataitazama, iwe hapa au kwa yule mkwe wake mwingine. Akaongeza kuwa akishalibeba begi lake halirudi, magoti yake hayataki kupanda ngazi zetu mara mbili. Mke wangu akaingia jikoni. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, na hapakuwa na kitunguu kilichokatwa.

Basi ni vita.

Jumanne, 5 Machi

Nimeazima laptopu ya jirani, mwalimu wa hesabu. Chaneli ya tamthilia tunailipia, na ukiwa na nenosiri unaweza kuitazama mtandaoni. Rahisi kama kunywa maji. Nikaiweka mezani, nikamwita mama mkwe, nikabonyeza.

Sauti ikaja. Mlango ukafunguliwa, mwanamke akalia, mwanamume akaomba msamaha. Kioo cheusi tii. Chini yake maandishi madogo: kipindi hiki kinalindwa, kioo chako hakina kibali. Kibali cha nani? Meza ni yangu, umeme ni wangu, macho ni ya mama mkwe. Yeye alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza kama na huko kwenye tamthilia wamekatiwa umeme.

Mwalimu akashauri niichomeke laptopu kwenye televisheni, huenda picha ikatokea. Nikamkumbusha kiapo. Akasema basi kiapo kina hasara. Pilipili usiyoila yakuwashia nini? Nimemrudishia kitu chake. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Na wenye chaneli waelewe jambo moja. Mimi ni fundi kufuli. Nimefungua milango ya waliopoteza funguo, masanduku ya marehemu, makabati ya ofisi ambayo wenyewe walishayakatia tamaa. Kufuli la kunishinda bado halijatengenezwa.

Jumatano, 6 Machi

Kibanda changu cha ufundi nimekifunga. Nimetundika kibao: NIMETOKA KIDOGO. Mchana kutwa nimezunguka maduka ya kompyuta. Wauzaji wote wana wimbo mmoja: ina kasi, betri inakaa, nyepesi kubeba. Nawaambia sina mpango wa kubeba, nataka mama mkwe aone. Kwanza niingie kwenye chaneli. Duka la kwanza, giza. La pili, giza lenye kiduara kinachozunguka. La tatu picha ikatokea, nikamkumbatia muuzaji, kumbe ni tangazo la sabuni. Tamthilia ilipoanza, giza. Duka la mwisho muuzaji aliniuliza kwa upole kama nina mtu wa kunisindikiza nyumbani.

Hapo chaneli ikaifunga akaunti. Imetumika kwenye vifaa vingi mno, wanahisi ni wizi. Mimi, mwizi, kwa akaunti ninayoilipia! (Anailipia mke wangu, lakini sisi ni nyumba moja.) Ili ifunguke lazima kujibu swali la siri aliloliweka yeye: unamwamini nani kuliko wote? Nikaandika jina langu. Siyo. Nikaliandika kwa herufi kubwa. Siyo. Nikaongeza jina la baba. Siyo.

Imebidi nirudi kumwomba. Akaandika jina la mama yake bila kupepesa macho, kisha akaniuliza kama sasa naelewa ni nini kitakachoondoka na lile begi.

Naelewa. Nilikaa bafuni kidogo, bomba nimelifungua ili nisisikike.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekwenda kwa fundi kompyuta. Kanieleza taratibu, sauti ya kumsemesha mgonjwa. Kipindi kinasafiri kimefungwa. Kila kinakopita, mpaka kwenye kioo chenyewe, lazima kionyeshwe kibali. Kibali kikikosekana mahali pamoja tu, picha inazuiwa, sauti inaachwa ipite. Kuna laptopu ambazo vioo vyake vina kibali na nyingine hazina, na kwenye boksi hawaandiki.

Nikamuuliza tundu la ufunguo liko wapi. Akasema hakuna tundu. Nikamwambia kufuli lisilo na tundu ni uhuni, nikiwa fundi nasema hivyo, na aliyelitengeneza hajawahi kukaa na mkwe. Akanisihi, kwa heshima zote, nipokee televisheni ya bure. Nimetoka bila kuaga.

Ijumaa, 8 Machi

Mpango mpya, bora kuliko yote. Kama kipindi hakiji kwangu, mimi nakifuata. Nimekwenda kwa Bwana Ukuta kumjulia hali, jambo ambalo sijawahi kulifanya, nikaegemeza simu kwenye chombo cha maua ili irekodi televisheni yake. Majaribio ya Jumapili hayo. Shemeji alifurahi kuniona, akaniletea chai. Mwanyumba hakugeuza shingo. Watoto wao watatu hawakugeuza shingo. Nimekaa pale kipindi kizima, na maneno niliyoambiwa ni kwamba nimemkinga mtoto asione.

Nyumbani nikaifungua simu mbele ya wote. Kumbe shemeji alisogeza chombo cha maua apate pa kuweka sinia. Nimerekodi goti la mwanyumba wangu. Goti tupu, tangu mwanzo hadi mwisho, likikunwa mara kwa mara. Mama mkwe alicheka mpaka akashika mbavu, akaomba arudishiwe pale linapokunwa.

Lakini begi lake liko mlangoni. Nimelikagua. Zipu imefungwa mpaka mwisho.

Jumamosi, 9 Machi

NIMEIPATA.

Nyuma ya soko kuna mama anauza vitu vilivyotumika: pasi, mizani, feni. Kati ya feni mbili palikuwa na laptopu nene kama tofali, bawaba za kifuniko zimevunjika, herufi nne zimeng'oka. Nenosiri letu halina hata moja ya hizo nne. Nikaingia kwenye chaneli bila matumaini. Picha! Nyuso, machozi, meno, hata pazia la nyuma yao. Niliwaita wapita njia waje waone. Wawili walikuja.

Yule mama ana jicho la biashara. Alipoona nimeikumbatia laptopu, akasema hii haiuzwi kwa fedha. Mkwe wake anataka kuanza kazi kama yangu, na anatafuta mashine ya kuchonga funguo.

Nilifikiri. Nilifikiri kwa muda ambao mtu hufikiri kabla ya kupiga chafya. Mashine yangu imeondoka kwa mkokoteni. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami nimeinama. Mke wangu bado sijamwambia. Ana mengi ya kumshughulisha.

Jumapili, 10 Machi

Walikuja wote: Bwana Ukuta, shemeji, watoto, na mwalimu wa hesabu aliyetaka kushuhudia nikiumbuka. Hakushuhudia. Kwa kuwa bawaba zimevunjika kifuniko hakisimami, nikapiga magoti nyuma ya meza nikakishika kwa mikono miwili tangu mwanzo hadi mwisho. Tamthilia sikuiona. Niliona nyuso zao. Kioo ni kidogo, kwa hiyo walibanana kichwa kwa kichwa, wakagombea nafasi, wakabishana nani mwovu na nani kaonewa. Mwanyumba alilia. Nathibitisha kwa maandishi kwamba alilia, na akajifuta kwa kitambaa changu cha meza.

Mama mkwe alisinzia kabla ya katikati. Alipoamka imekwisha. Nikamuuliza, mikono imekufa ganzi, kama sasa atabaki. Akasema atafikiri.

Atafikiri! Na ndipo shemeji akatoa shauri lake la amani. Mama abaki hapa, ila achongewe ufunguo wa kwao, aende apendapo, mvua ikimkuta alale huko huko. Mwanyumba akanikabidhi ufunguo wake papo hapo, akasema fundi si uko hapa. Leo mvua moja, kesho wiki, keshokutwa begi. Hila hizo nazijua. Na wa kuuchonga ufunguo huo ni mimi, na mashine sina. Mke wangu akaniuliza mbona nimebadilika rangi.

Nimesema kesho utakuwa tayari.

Jumatatu, 11 Machi

Yule mama wa nyuma ya soko alishaniambia kwamba nikijuta nirudi leo, tubadilishane upya. Sikurudi. Kuirudisha laptopu ni kumpigia magoti Bwana Ukuta. Ufunguo nimeuchonga kwa tupa, kwa mkono, kama mafundi wa zamani. Umependeza. Upande mmoja umenenepa kidogo.

Mke wangu alinikuta na tupa, akauliza mashine iko wapi. Nilimwambia ukweli. Alikaa chini, akasema tutaongea mama akishalala.

Jioni tukaenda wote kuujaribu. Familia ya mwanyumba ilitoka nje kutazama, na mlango wao ni wa kujifunga wenyewe. Ufunguo uliingia nusu. Nikausukuma kwa kiganja ukaingia wote. Nikauzungusha, ukakatikia ndani. Nikaingiza kibano kutoa kipande, kipande kikazama zaidi, na ufunguo wao halisi ukawa hauingii tena. Kufuli la kisasa. Mafundi waliolipachika mlangoni waliahidi kwa simu kuja keshokutwa. Mwanyumba alipandwa na hasira, akataka kuuvunja mlango kwa bega. Mama mkwe akamshika mkono, akamwambia aache utoto, baba, watu wamechoka, twendeni nyumbani.

Alisema nyumbani, akashika njia ya kwetu. Akatangulia yeye. Ngazi alizipanda bila kushikwa mkono.

Sasa wako sebuleni wote. Mama mkwe amefungua begi lake mwenyewe, ametoa shuka zake zote akawatandikia wajukuu. Mke wangu anacheka na dada yake kama wasichana, mazungumzo ya mashine yameahirishwa. Bwana Ukuta amepiga magoti nyuma ya meza, ameshika kifuniko, kwa sababu leo ni zamu yake.

Mwalimu wa hesabu alipita hapa akaniambia anatumaini nimejifunza kitu. Nijifunze nini? Lengo lilikuwa mama mkwe asihamie kwa Ukuta. Ukuta amehamia kwa mama mkwe, yeye na familia yake, na televisheni yake imefungiwa nje. Aniletee mpango mwingine uliofaulu hivyo.

Dosari ni moja tu. Kwa watu wanane kioo hiki hakitoshi. Wakati wanatandika shuka nimechomoka hadi nyuma ya soko kabla halijafungwa, nikaona yule mama ana laptopu nyingine, pana zaidi, na picha inatoka safi kabisa. Anasema mkwe wake mashine ameshapata, sasa anatafuta kibanda cha kuiweka.

Mimi kibanda ninacho.