Msumeno Wangu Si Cherehani

Yakobi, Njombe,
Jimbo la Nyanda za Juu za Kusini,
Tanganyika.
Tarehe 19 Juni, 1956.

Kwa Bwana Mhariri,
Gazeti la Mwanga wa Nyanda,
Iringa.

Bwana Mhariri Mheshimiwa,

Kamwene. Nakusalimu kwa salamu ya kwetu, nikitumaini kwamba wewe na wapiga chapa wako hamjambo, wala kikohozi cha baridi hii hakijawafika. Mimi ni mzima wa mwili. Roho ndiyo imevurugika, na aliyeivuruga ni mtu wako.

Jina langu ni Nahumu Mligo, seremala, mtoto wa seremala. Nalirudia neno hilo ili wapiga chapa wasije wakalikosea: seremala.

Una mwandishi mmoja ajiitaye Fundi Mwenzenu, anayeandika kila wiki ule ukurasa wa "Karakana ya Nyumbani". Mimi ni msomaji wake tangu alipofundisha kunoa patasi. Kwa ajili yake nimehamisha mbuzi. Alisema karakana ya nyumbani iwe na dirisha upande wa kaskazini, nikaligeuza banda la mbuzi kuwa karakana, nikatoboa dirisha la kaskazini, na sasa jua la Juni linanipiga machoni kutwa nzima. Nikanyamaza. Aliposema jiliwa ndiyo mkono wa tatu wa seremala, nilinunua jiliwa. Aliposema randa ziwe mbili, ndefu na fupi, nilinunua mbili. Keke, tupa, msasa, bisibisi, vyote ninavyo, na vyote nimevitundika ukutani kwa mpango ule ule aliouchora. Mpaka hapo mimi na yeye hatukuwa na ugomvi.

Ugomvi ni msumeno. Mwezi Januari aliandika jinsi ya kuchagua msumeno wa nakshi, yaani ule wenye wembe mwembamba kama uzi, unaokata maua na mapindo katikati ya ubao bila kuupasua ukingo. Akatoa masharti. Shingo iwe ndefu, ili ubao mpana uweze kuzunguka. Meza iwe nzito, isitetemeke. Wembe uwe rahisi kubadilisha, maana utakatika tu. Na mahali pasipo na umeme, akasema, chagueni wa kukanyaga kwa mguu. Nikachagua neno kwa neno. Nilitaka kumtengenezea mchumba wangu Dorkasi kabati la harusi, milango yote miwili ijae maua kama yale niliyoyaona Kitulo mwaka ule wa mvua nyingi. Leo kabati halipo, na kwa sababu ya msumeno huo huo harusi yenyewe imesimama. Malalamiko yangu ni haya.

1. Fundi Mwenzenu aliusifu msumeno shingo, akausifu meza, akausifu mpaka rangi, lakini hakuthubutu kutuambia unafanana na nini. Bwana Mhariri, unafanana na cherehani. Chini una kanyagio la chuma. Ubavuni una gurudumu na mkanda wa ngozi. Juu una kimeza, na juu ya kimeza mkono wa chuma umeinama, na mwisho wa mkono huo, pale pale panapokaa sindano, umesimama wembe. Mimi mwenyewe nilipoiona picha yake nilidhani mmekosea ukurasa.

2. Mizigo ya Njombe hushushwa Makambako, na hapo Makambako ndipo anapokaa Mzee Lameki, baba yake Dorkasi. Kwa hisani yake alikubali kunipokelea msumeno nilioagiza. Sanduku lilikuwa limevunjika upande mmoja, naye akalifungua aone kama mali ya mkwe wake imesalimika. Ilikuwa imesalimika sana. Aliizunguka mara mbili, akatia mguu kwenye kanyagio, gurudumu likazunguka, wembe ukapanda na kushuka. Akalifunga sanduku, akaenda kukaa peke yake nyuma ya nyumba. Mzee huyu, nakuapia, anapenda watu wa kila kazi. Anawapenda wachunga ng'ombe, anawapenda walimu, hata makarani anawavumilia. Fundi cherehani hampendi. Husema mwanamume hawezi kukaa barazani mwa duka mchana kutwa na kamba ya kupimia shingoni, akipima viuno vya wake za watu, kisha jioni aje kuitwa mkwe. Akaniletea habari kwamba uchumba umesimama mpaka ajue amedanganywa tangu lini.

3. Hapa utasema, si umwendee mzee umweleze? Wewe si mtu wa huku. Kwetu mchumba hambishii mkwe. Siwezi kusimama mbele ya Mzee Lameki nikasema, Baba, umekosea. Neno lote hupita kwa mshenga, na mshenga wangu ni Hezekia, mtu mwenye ulimi laini kuliko wote hapa Yakobi. Nilimwita karakanani, nikamwonyesha msumeno, nikamweleza tangu umande mpaka ng'ombe wanarudi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema ameelewa kabisa, akaenda zake. Kesho yake alirudi na suruali mbili za kutia viraka. Kwa hiyo mtu wa kunitetea ndiye mteja wangu wa kwanza.

4. Hili lilimhusu Linus, fundi cherehani wa sokoni Njombe. Nimelifuta mara mbili kwa sababu mchungaji alipita nikiwa naandika, na maneno hayakuwa mazuri. Kwa ufupi tu, Linus amenishtaki kwa jumbe kwamba namnyang'anya wateja, na jumbe, kabla ya kusikiliza shauri, ameniuliza kama naweza kumpunguzia kaptura.

5. Esteria, kiongozi wa kwaya yetu, ameniletea kanzu kumi na tisa za waimbaji. Nilimwambia kwa adabu zote, Mama, chombo hiki kazi yake ni kukata. Akafurahi sana. Akasema ndiyo, mikono ni mirefu mno, ikatwe. Ili aone hatari yake nikaubana mkono wa kanzu moja kati ya vibao viwili, nikakanyaga, nikaukata mbele yake. Kwa bahati mbaya ulikatika vizuri mno. Sasa ameleta na nguo za madhabahuni.

6. Nikaona basi, shauri hili liamuliwe na wazee wa kanisa. Wakaja saba. Nikaweka ubao wa mkaratusi, nikakanyaga, nikakata ua la majani sita. Likadondoka mezani likiwa safi kabisa, na moyo ukanipasuka kwa furaha, nikajua nimeshinda. Wazee wakalipitisha mkono kwa mkono. Wakatoka nje kushauriana. Waliporudi walisema kwamba wameona kwa macho yao: hiki ni cherehani cha kushonea mbao, ila kimeharibika, maana kinatenganisha badala ya kuunganisha. Wakanishauri nikitie mafuta. Wakanipa pole, na papo hapo wakamwandikia Mzee Lameki barua ya kuthibitisha.

Bwana Mhariri, nacheka ninapoandika haya, nami sijui nacheka nini. Nampenda Dorkasi. Nimempenda tangu siku aliponiambia mbele ya watu kwamba kiti nilichomtengenezea baba yake kinapepesuka, na kweli kilikuwa kinapepesuka. Nikimkosa kwa kosa langu nitalia nitanyamaza. Kumkosa kwa sababu ya kanyagio, hapana, sikubali. Kwa hiyo naomba mambo machache, wala si makubwa.

Naomba kwanza utangaze ukurasa wa mbele, kwa herufi nene kuliko zile za habari za Malkia, kwamba Nahumu Mligo wa Yakobi ni seremala. Mzee Lameki husomewa gazeti lenu kila Jumamosi pale dukani Makambako. Mimi siruhusiwi kumbishia, lakini gazeti si mchumba wa mtu.

Pili, Fundi Mwenzenu apande basi aje Makambako, aape mbele ya mzee, Biblia mkono huu na randa mkono huu. Akifika nitamlaza vizuri, nitamchinjia kuku, na dirisha langu la kaskazini atalikuta wazi.

Tatu, Serikali itunge sheria kwamba kanyagio ni la cherehani peke yake. Vyombo vingine vyote vitafutiwe njia. Kinanda cha kanisani kipulizwe kwa mdomo. Baiskeli zisukumwe kwa mkono, na Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, ambaye anayo nzuri ya kijani, atangulie kusukuma ili watu waige. Najua sheria hii itanipokonya na msumeno wangu pia. Niko tayari.

Nne, hayo yote yakishindikana, basi mafundi cherehani wa wilaya nzima wageuzwe maseremala kwa muda wa mwaka mmoja, Mzee Lameki akose wa kumchukia, na mimi nioe katikati ya fujo hiyo.

Nisalimie wapiga chapa, karani wako, mke wako na watoto, na yule mzee anayefunga magazeti kwa kamba, maana hufunga vizuri. Fundi Mwenzenu msalimie pia, ila polepole, asije akadhani nimemsamehe.

Wako mtiifu, mwenye vumbi la mbao mpaka masikioni,

Nahumu Mligo,
Seremala.

Nyongeza. Jumatatu, tarehe 25 Juni.

Bwana Mhariri, usichapishe.

Gari la posta liliharibika na barua hii imelala kwangu siku sita. Alhamisi Mzee Lameki alikuja Yakobi mwenyewe kwa lori, kuvunja uchumba. Dorkasi alimfuata nyuma amebeba kapu lenye blanketi na majembe mawili niliyotoa kwa posa, ili warudishe. Mzee alipokuwa anashuka lorini, koti lake likanasa msumari, likapasuka mgongoni tangu kola mpaka pindo. Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala chini, na baridi ilikuwa ile yetu yenyewe. Akaingia karakanani anatetemeka. Mshenga hayupo. Akautazama msumeno, akasema nami moja kwa moja, kwa mara ya kwanza tangu uchumba uanze:

"Hicho chombo chako, koti kinaliweza?"

Nimekwisha kukueleza kwamba mchumba habishi.

"Kinaliweza, Baba."

Mama yangu akamchukua mzee jikoni aote moto, upande wa pili wa ukuta. Mimi nikakaa kwenye msumeno bila ubao, bila kitu, nikakanyaga hewa tupu karibu saa nzima, gurudumu likipiga kelele mpaka majirani wakatoka. Dorkasi akakaa kwenye benchi langu, koti magotini, akalishona kwa sindano ya mkono kama walivyomfundisha shule ya misheni. Kila akiinua macho alikuwa anauma mdomo asicheke, na mimi nikizidi kukanyaga. Sijapata kufurahi vile tangu nizaliwe.

Jana mzee alilivaa koti kanisani Makambako. Hezekia alikuwepo, anasema mzee alikaa benchi la mbele na kila mara aligeuka kusalimia walio nyuma ili mgongo uonekane. Sasa anawaambia watu kwamba fundi wa makoti si sawa na hao wa viuno. Blanketi na majembe amerudi navyo kwake. Harusi ni Jumamosi, tarehe 14 Julai.

Barua naituma kwa sababu stempu nimekwisha kuibandika, nayo ina kichwa cha Malkia, sioni vyema kuitupa. Isome wewe peke yako, kisha uichome. Na mtu yeyote wa Makambako akikuandikia kuniuliza habari zangu, tafadhali mjibu kwamba mimi ni fundi cherehani, na kwamba nimekuwa fundi cherehani tangu utoto wangu.