Kilima Chenu Kimekua Bila Kibali

Ndugu Mkuu wa Ofisi ya Barabara,

Hapana mkuu, sijanywa. Umeniuliza hivyo kwenye jibu lako, nami nakujibu kwa heshima zote: malalamiko yangu niliyaandika asubuhi, chai mkononi, akili nyumbani. Narudia: kilima cha kwenda kwenye zahanati mpya kimekua, na ofisi yako haijafanya kitu.

Mimi ndiye mwenye ile pikapu ya dizeli, ya gia za mkono, inayoitwa Shangazi kwa sababu hukohoa kabla ya kusema. Mama Msimamizi wa ujenzi anatafuta mtu wa kumpandishia matofali mpaka zahanati iishe. Tumebaki wawili: mimi na Kifua, jamaa wa mkokoteni. Jumatatu mama anapanda nami kunijaribu. Nikikwama, kazi ni ya Kifua, na mimi narudi kutembeza soksi. Sasa ona kilima chako kinavyonifanyia.

Kwanza. Tambarare, Shangazi anatembea kama bibi harusi. Tukifika kilimani nakanyaga mafuta mpaka mwisho, nguvu hakuna. Gia ya tatu anaguna. Ya pili anaguna kwa adabu. Ya kwanza tunapanda, ila konokono wanatupigia honi. Juzi nilimsimamia bibi mmoja mwenye mzigo nimpe lifti. Akasema, "Asante mjukuu wangu, leo nina haraka."

Pili. Usiniambie gari bovu. Shemeji yangu ni fundi, kakagua. Filta ya hewa safi. Filta ya dizeli kaweka mpya. Moshi mweusi hakuna. Klachi tumeipima, mimi ndani, yeye dirishani: handibreki juu, gia ya tatu, nikaachia klachi, injini ikazima papo hapo. Ingekuwa inateleza, ingeendelea kunguruma. Kisha nikawasha tena, kafungua boneti, kavuta waya wa pedeli ya mafuta kwa mkono, injini ikalia mpaka kuku wa jirani wakahama. Akataka na kuingia ndani aangalie, nikamkatalia. Ovaroli lile ukilikamua unapata grisi ya lori zima. Yeye mwenyewe husema, ukishaondoa vizima vyote, kinachobaki ndicho kibovu. Tumeondoa vyote, mkuu. Kimebaki kilima.

Tatu. Hili naliruka. Linamhusu mama mkwe, na barua huwa zinasomwa.

Nne. Kifua ananipita. Na mkokoteni! Umejaa! Jana kapunguza mwendo tulingane, akamwamkia Shangazi, "Shikamoo!" Halafu akanigeukia: "Kaka, nikusukume, au niwaambie huko juu unakuja mwezi ujao?" Utaniuliza mbona yeye kilima hakimsumbui. Ndiyo shida yenyewe! Kilima kinachagua watu. Barabara ni ya umma, mkuu, upendeleo huu umetoka wapi?

Kwa hiyo naomba, kabla ya Jumatatu, mkikate kipungue kimo cha mtu mzima aliyesimama. Kama kukata ni kazi, basi kigeuzeni tu: kuteremka kuwe wakati wa kwenda, kupanda wakati wa kurudi, maana narudi bila mzigo.

Nisalimie karani wa mapokezi, yule anayeanza kucheka kabla sijafika mlangoni, na mlinzi, na katapila lenu lililolala uani. Liambieni kazi imepatikana.

Wako mpandaji,
Mwenye Shangazi

Nyongeza: Mkuu, stempu nimeshailamba, kwa hiyo barua inakuja hivyo hivyo, lakini sikiliza. Mke wangu kanivamia garini sasa hivi, anadai kapeti lake la sebuleni, lile la manyoya marefu. Nililitandika miguuni, limekunjwa mara mbili, mpaka upande wangu, ili Mama Msimamizi aone gari lina heshima. Kulivuta tu, pedeli ya mafuta ikashuka kwenda mahali sijawahi kuiona. Kumbe siku zote nilikuwa nakanyaga manyoya! Tumepanda gia ya tatu, mke ananitukana njia nzima, tumempita Kifua kofia ikamruka.

Basi msikiguse kilima! Mkikipunguza, kila mwenye mkokoteni atakuwa Kifua. Katapila kama halina kazi, liongeze kidogo pale juu. Tufanye hivi: wewe chana barua hii kabla haijamfikia Mama Msimamizi, nami siku ukihama nyumba nakubebea vyombo bure, hata kabati. Jibu usiandike. Jumatatu simama dirishani. Ukiniona napita na mama, nipungie mkono, nitajua tumeelewana.